Tundu la Hewa Nyuma ya Kabati

Mimi ni mtoto wa Michenzani. Nimezaliwa ghorofa ya tano, kwenye moja ya yale majumba marefu ya Unguja yaliyojengwa kwa amri ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Kwetu yanaitwa nyumba za maendeleo, na jina hilo watu walilibeba kwa uzito wake. Wazazi wangu walihamia pale kutoka kibanda cha udongo na makuti huko huko mtaa wa Ng'ambo. Marehemu mama alisimulia mpaka uzeeni jinsi siku ya kwanza alivyobonyeza ukutani taa ikawaka, akaizima, akaiwasha tena. Maji hayakuwa yakifika juu. Tuliyachota chini tukapanda nayo ngazi, ndoo kichwani, na aliyeyamwaga njiani alirudi mwenyewe kupiga deki. Lakini mtu akikuuliza unakaa wapi, ukamwambia "Michenzani, jumbani", ulimjibu kifua mbele.

Kwa hiyo Januari 2009, nilipofika Northampton, mji wa katikati ya Uingereza, na mume wangu akanipandisha kwa lifti mpaka ghorofa ya tisa ya jengo la halmashauri, nilifurahi kweli. Zege kama la nyumbani, korido ndefu, milango inayofanana. Zaidi palikuwa na lifti, na maji ya moto yanayotoka bombani muda wote. Nilisimama dirishani nikapiga picha nikamtumia dada. Akanijibu, "Mashaallah, mpo juu!"

Wiki ya pili nikaanza kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwenzangu mmoja, mwanamke mwema sana, aliniuliza nakaa wapi. Nilipomtajia jengo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuko salama kule. Sikumwelewa. Miezi ilipita ndipo nikajua kwamba Uingereza ghorofa refu la halmashauri ni pahali ambapo wengi wanapaogopa au wanawaonea huruma wanaokaa humo, na anayehesabika amefanikiwa ni yule mwenye nyumba ya mawe ya zamani, yenye sakafu iliyopinda na boriti zinazoonekana. Kwetu mambo yalikuwa kinyume chake. Nilipokuwa mdogo, Mji Mkongwe tuliuona ni pahali pa kuta zinazomomonyoka na familia tano ndani ya nyumba iliyokuwa ya tajiri mmoja. Ami yangu alikuwa fundi mwashi huko, na sisi watoto tulimwonea huruma kwa kushinda kutwa na chokaa na magofu.

Aliyenifumbua macho ni bibi wa ghorofa ya nane, chini yetu kabisa. Jina lake nalihifadhi. Siku moja lifti ilikufa, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya pili na mifuko miwili ya vyakula, anavuta pumzi. Nikambebea. Alipofika mlangoni kwake akaniambia, "Asante, bata wangu." Nilishtuka, nikadhani nimetukanwa. Baadaye nikajua kwamba ndivyo watu wa mkoa ule wanavyomwita mtu wanayempenda, hata dereva wa basi hukuita hivyo. Tangu siku ile nikawa napita kwake kila Jumapili, na yeye akawa ndiye mwalimu wangu.

Alihamia kwenye jengo lile katikati ya miaka ya 1960, likiwa jipya, rangi bado inanuka. Mumewe alikuwa mkata ngozi kwenye kiwanda cha viatu, kazi iliyoulisha mji huo kwa vizazi. Kabla ya hapo walikaa kwenye nyumba ya matofali ya safu, karibu na mahali palipokuwa na ngome ya zamani: vyumba viwili chini, viwili juu, choo nje uani, na beseni la bati la kuogea lililotundikwa kwenye msumari. Maji ya kuoga yalichemshwa jikoni, akaoga baba kwanza, kisha mama, kisha watoto kwa zamu, maji yale yale. Watoto wake wawili walilala kitanda kimoja na bibi yao. "Walipotukabidhi funguo," aliniambia, "nilijifungia bafuni nikalia." Alilifungua bomba la maji ya moto akaliacha likimwagika tu. Nilipomsikia nilimwona mama yangu na ile taa.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba majengo yale yalikuwa kosa tangu mwanzo. Bibi hakukubali hata siku moja, na mimi nimefuata upande wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Kuna miji iliyopigwa mabomu, na kuna miji kama Northampton ambako tatizo kubwa lilikuwa nyumba kuukuu za wafanyakazi, zenye unyevu na zisizo na vyoo vya ndani. Harold Macmillan, alipokuwa waziri wa nyumba, alisimamia ahadi ya kujenga nyumba 300,000 kwa mwaka, na mwaka 1953 wakaifikia. Kisha sheria ya ruzuku ya 1956 ikazipa halmashauri fedha zaidi kwa kila flati kadiri jengo lilivyopanda juu, na hapo ndipo maghorofa yalipoota kila mji. Ruzuku ile ya urefu iliondolewa baada ya miaka kama kumi. Mimi naona kosa lipo hapo, kwa waliohesabu ghorofa. Aliyempa Bibi bafu hakukosea.

Na vyumba vyenyewe vilikuwa vikubwa! Mwaka 1961 kamati ya serikali iliyoongozwa na Parker Morris iliandika vipimo vya nyumba ya kutosha: nafasi ya kuweka vitu, nafasi ya mtoto kusomea, chumba kinachopata joto hata kama watu hawakukaa sebuleni. Halmashauri zilikuja kulazimishwa kuvifuata. Nimewatembelea rafiki zangu kwenye flati za siku hizi za kioo na bei kubwa, jikoni mwao hawezi kupita mtu wa pili. Kwetu ghorofa ya tisa tuliweza kutandika mkeka, tukala watu kumi siku ya Idi.

Kutoka dirisha la sebuleni niliusoma mji wote. Kwa mbali mnara mwembamba wa zege, mita 127, uliojengwa na kiwanda cha lifti kwa ajili ya kuzijaribu, ukafunguliwa 1982. Watu wanauita mnara wa taa wa Northampton ingawa bahari haipo karibu. Upande mwingine kanisa la mviringo la Holy Sepulchre, lililojengwa karibu na mwaka 1100 na Simon de Senlis, bwana wa mji huo, aliyerudi kutoka vita vya msalaba akataka kuliiga kaburi takatifu la Yerusalemu. Mawe yake ni ya rangi ya kutu na asali, yana chuma ndani. Jua la jioni likiyapiga yanawaka. Chini yetu, karibu na stesheni, ndipo ilipokuwa ngome ambamo Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, alishitakiwa na mfalme wake mwaka 1164. Mabaki ya ngome hiyo waliyabomoa karne ya 19 kupisha reli, likabaki lango dogo tu.

Mji ule umezoea kupoteza. Tarehe 20 Septemba 1675 moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji kwa saa chache. Mfalme Charles II akawapa tani 1,000 za mbao kutoka misitu yake, na ndiyo maana sanamu yake ipo juu ya baraza ya kanisa la All Saints, na mpaka leo kila tarehe 29 Mei inavishwa majani ya mwaloni. Miaka mingapi hiyo ya kumshukuru mtu aliyekupa mbao! Bibi alinionyesha pia, kwa picha zake za zamani, jumba la maduka lililoitwa Emporium Arcade pale sokoni. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, likabomolewa 1972 ingawa watu walipinga. Alilizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliyefariki bila kuagwa. Na mwaka 2015, mwezi wa Machi, tulisimama pamoja dirishani asubuhi ya Jumapili kutazama stendi kuu ya mabasi ya Greyfriars, iliyojengwa 1976, ikilipuliwa. Watu walishangilia. Lilikuwa jengo zito, la giza, na mimi mwenyewe niliogopa kupita humo usiku. Lakini Bibi hakushangilia. Aliniuliza tu, "Hivi walimuuliza nani kabla ya kulijenga?"

Swali hilo nililipita wakati ule. Lilinirudia kupitia afya ya mtoto wangu.

Flati yetu haikuwa tena mali ya halmashauri. Sheria ya Nyumba ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokuwa wakikaa kwa bei ya punguzo. Aliyekaa pale mwanzo alinunua, akauza, aliyenunua akauza tena, mpaka ikafika kwa mtu ambaye hatukupata kumwona kwa macho. Tulimjua kwa wakala wake tu. Kwa hiyo ndani ya jengo moja palikuwa na wapangaji wa halmashauri na wapangaji wa watu binafsi, mlango kwa mlango, na hukuweza kujua nani ni nani mpaka kitu kiharibike.

Binti yetu alizaliwa 2012. Alipotimiza mwaka, kuvu ikaanza chumbani kwake. Mwanzo ilikuwa kama masizi kidogo kwenye pembe, pale dari inapokutana na ukuta wa nje. Nikaifuta. Baada ya wiki mbili ikarudi, imeshuka mpaka nyuma ya kabati. Nilipolivuta kabati nikakuta ubao wake wa nyuma umelainika kama mkate uliolowa chai, na nguo za mtoto, zile za kukulia nilizokuwa nimeletewa na mama, zina madoa meusi yasiyotoka. Mtoto akaanza kukohoa usiku. Kila mwaka wakala alimleta mtu na dawa ya klorini na ndoo ya rangi nyeupe, akapaka, akaondoka, na kila Disemba weusi ukatokeza tena kupitia ile rangi. Nilipolalamika niliandikiwa barua kwamba tunapika sana na tunaanika nguo ndani. Ni kweli tulipika, na ni kweli tulianika ndani. Februari, ghorofa ya tisa, ningeanika wapi?

Barua ile iliniumiza kwa sababu niliiamini. Kwa miaka miwili nilijiona ndiye ninayemuumiza mwanangu kwa chungu changu cha wali.

Aliyenitoa kwenye fikra hiyo ni fundi ambaye hata hakujua. Nilikuwa nampeleka mtoto kwa mlezi, nikapita ukuta wa mawe wa zamani jirani na lile kanisa la mviringo. Kulikuwa na jukwaa la mafundi, na harufu ikanisimamisha pale pale: chokaa mbichi. Harufu ya Ami. Fundi alikuwa anachokoa viungo vya ukuta kwa patasi, polepole, anatoa kitu cha kijivu kigumu, na nyuma yake anajaza chokaa na mchanga. Nikamuuliza kwa nini anaondoa kitu kigumu anaweka laini. Akanieleza kwa furaha, nadhani watu hawamuulizi. Lile jiwe la rangi ya kutu ni laini. Zamani waliliunga kwa chokaa, na mvua ikiingia ukutani inatoka tena kupitia viungo, kwa sababu chokaa inapitisha unyevu. Karne ya 20 wakaja watu na saruji, wakaziba viungo vyote wakidhani wanaimarisha. Maji yakaingia yasiweze kutoka, yakatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, yakaganda wakati wa baridi, na uso wa jiwe ukaanza kubanduka. Alinionyesha jiwe moja: saruji imebaki imesimama kama fremu ya picha, jiwe katikati limekwisha kuliwa na kuingia ndani kidole kizima.

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa Kiswahili miaka ishirini nyuma. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na boriti za mikoko juu. Watu walipopata uwezo walizipiga lipu ya saruji zionekane mpya, na Ami alikuwa akigombana nao. "Ukuta unapumua," aliwaambia. "Unamziba pua halafu unamshangaa anavimba?" Sisi watoto tulicheka. Nilisimama pale Northampton, mtoto kwenye kigari, nikamwomba Ami msamaha moyoni.

Jioni nikateremka kwa Bibi nikamuuliza jambo ambalo nilistahili kumuuliza mwaka wa kwanza: wewe huna kuvu, kwa nini? Flati yake na yetu ni ramani moja, ukuta kwa ukuta. Na yeye alipika, tena kila siku alichemsha. Akaniongoza jikoni. Juu ya kabati la vyakula, karibu na dari, palikuwa na tundu la mraba kiasi cha shubiri moja, lina wavu wa chuma uliopakwa rangi mara nyingi mpaka umenenepa. Akaninyanyua mkono akauweka pale. Hewa ilikuwa inapita, kidogo kidogo, baridi. "Lako liko wapi?" akaniuliza.

Langu halikuwepo. Jikoni kwetu pahali hapo palikuwa na kabati jipya la kutundika, zuri, jeupe. Mume wangu alirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, nikamngoja na bisibisi mkononi. Tulilishusha kabati. Nyuma yake kulikuwa na kibao kilichopigiliwa misumari, na nyuma ya kibao magazeti yaliyokunjwa na kusokomezwa, yamegeuka rangi ya chai. Nilipovuta la mwisho, hewa baridi ilinipiga usoni, na vumbi likateremka kwenye sinki. Nililia, tena kwa sauti.

Nilichojifunza siku zilizofuata ni hiki. Jengo lile liliwekewa njia zake za kupumua na watu waliojua kazi. Jikoni palikuwa na tundu. Madirisha ya mwanzo yalikuwa ya chuma na kioo kimoja, baridi kweli, lakini yalipitisha hewa pembeni. Chini, usawa wa ardhi, palikuwa na chumba cha kuanikia nguo cha wakazi wote, chenye kamba na mabomba ya joto. Bibi alikitumia miaka mingi. Kisha chumba kikafungwa kufuli kikawa stoo. Madirisha yakabadilishwa yakawa ya plastiki na vioo viwili, yasiyopitisha hata unyuzi. Matundu yakazibwa na wenye flati, kila mmoja kwa sababu yake, wengine ili kuzuia baridi, wengine ili kutundika kabati. Kila badiliko peke yake lilikuwa na maana. Yalipokutana, mvuke wa chungu, wa kuoga, wa nguo na wa pumzi zetu haukuwa na pa kutokea. Ukaenda kutua pahali pa baridi kuliko pote: pale bamba la zege la sakafu linapotokeza mpaka ukuta wa nje, ambapo baridi ya nje inaingia kupitia zege lenyewe. Pembe ya dari ya mwanangu.

Tulimwita ofisa wa afya ya mazingira. Nilimngoja na kipimo cha unyevu nilichonunua, na daftari lenye tarehe: asilimia 82, 79, 84. Alikaa nusu saa, akaweka mkono pale tundu lilipo, akatikisa kichwa. Mwenye nyumba aliagizwa afungue tundu, aweke feni ya kufyonza hewa jikoni na bafuni, na vipenyo vya hewa juu ya madirisha. Ilichukua miezi saba. Kufikia baridi ya mwaka uliofuata kipimo kilikuwa kinasoma hamsini na kitu. Na chungu changu cha wali kilikuwa kile kile.

Kuna jina ambalo kila mzazi anayepanga nyumba Uingereza analijua sasa: Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Disemba 2020 mjini Rochdale. Mchunguzi wa vifo alithibitisha 2022 kwamba sababu ilikuwa kuvu iliyojaa kwenye flati ya wazazi wake, nao walikuwa wamelalamika. Baba yake na mama yake walipigania mpaka ikatungwa sheria inayobeba jina la mtoto wao, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma wanapewa muda maalumu wa kuchunguza na kutengeneza. Nilipoisoma habari ile nilikuwa kazini. Nilitoka nje nikasimama uani.

Lakini nataka kusema na upande wetu sisi wakazi, kwa sababu nasi tulisahau. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 mume wangu alinipigia kutoka kazini akaniambia niwashe televisheni. Grenfell Tower, London, ghorofa 24, lilikuwa linawaka. Moto ulianza kwenye friji jikoni ghorofa ya nne, ukatoka nje, ukapanda kwenye vibamba vilivyobandikwa ukutani kwenye ukarabati uliokamilika mwaka mmoja tu kabla. Ndani ya vibamba vile palikuwa na plastiki. Watu 72 walikufa. Walikuwamo watu wa Moroko, Eritrea, Sudan, Syria, na Waingereza wenyewe, majirani kama sisi. Waliambiwa wabaki ndani, kwa sababu jengo la zege la namna ile lilichorwa ili moto wa flati moja usitoke kwenda nyingine. Mchoro wa mwanzo ulikuwa sahihi. Walioongeza vibamba waliuvunja, na wakazi waliotoa tahadhari kuhusu usalama wa jengo hawakusikilizwa. Nikakumbuka swali la Bibi kuhusu stendi.

Alfajiri ile nilikwenda kuutazama mlango wetu. Mlango wa flati kwenye jengo refu ni mzito na una mkono wa chuma juu unaouvuta ujifunge wenyewe, ili moshi usitoke. Wetu haukuwa na mkono. Mkono huo tuliung'oa sisi wenyewe 2013, mtoto alipoanza kutambaa, tukaogopa utambana vidole. Uliwekwa droo ya jikoni pamoja na vifungua chupa, na kwa miaka minne hakuna aliyeukumbuka. Niliupachika kabla ya sala ya alfajiri, nikiwa natetemeka, kisha nikateremka kwa Bibi kumwamsha. Alikuwa macho, amekaa na televisheni. Aliniomba niutazame na wake. Wake ulikuwa mzima, una mafuta. Aliutia mafuta kila Krismasi tangu mumewe alipofariki, kwa sababu mumewe alikuwa akifanya hivyo.

Bibi alifariki Aprili 2020, wakati wa korona, nasi hatukuruhusiwa kumsindikiza. Mwanawe alinipa ufunguo wa flati nimsaidie kufungasha. Nilipomaliza nilisimama jikoni mwake nikauweka mkono kwenye lile tundu.

Disemba ya mwaka ule ule, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka kule Forodhani. Jumba la Sayyid Barghash la 1883, lililosimama kupita vita na mapinduzi, likaanguka kwa miaka ya kutoangaliwa, na mafundi wawili waliokuwa ndani wakafa. Ami alikuwa ameshatangulia. Nilifurahi kwamba hakuliona.

Mwaka uliofuata tulihama, tukapata nyumba ya matofali ya safu, ya wafanyakazi wa viatu wa zamani, mfano wa ile aliyoikimbia Bibi. Kabla ya kufungua masanduku nilitoka nje nikainama kando ya ukuta, natafuta yale matofali yenye matundu yaliyo chini ya usawa wa sakafu, yanayopitisha hewa chini ya mbao. Mawili yalikuwa yamefukiwa na udongo wa maua. Nilichimba kwa kijiko.

Nilipokwenda nyumbani 2022 nilimkuta dada, bado yupo Michenzani, ghorofa ile ile ya tano, ana mafundi ndani. Anaweka madirisha ya aluminiamu na kiyoyozi. Jikoni, juu ya dirisha, kuna safu tatu za matofali ya matundu ambayo mama alikuwa akiyapangusa vumbi kwa ufagio wa chelewa kila Ijumaa. Fundi alikuwa ameshakoroga saruji ya kuyaziba. Nilimwomba asubiri. Dada akasema, "Mdogo wangu, wewe umekaa Ulaya miaka yote hiyo, hapa kuna joto na vumbi, kiyoyozi kitatoa nini kama hewa inakimbia?" Maneno yake yana haki. Tulikaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa nikamsimulia habari ya Bibi, kabati na magazeti, mpaka saruji ya fundi ikaanza kukauka kwenye karai na yeye akaanza kuguna. Mwisho dada alinyanyuka akamwambia azibe safu ya chini, mbili za juu aziache.